Programu ya Kwaya

Walikutana stendi ya Makambako. Fidelia alivaa sweta jekundu na kitenge cha kijani, kakumbatia kompyuta kuukuu, na kondakta anataka kuitupia chini ya magunia ya viazi. Remmy akaingilia kati. Yeye ni fundi wa hapo mjini. Hufufua kompyuta za mitumba, huzipakia mfumo wa bure, kisha huziuza mashuleni.

"Ukiiacha huko chini, dada, utapika chipsi tu," alimwambia. Fidelia akacheka, na fundi wa watu akaishia hapo hapo.

Fidelia alifundisha sekondari Njombe mjini na kuongoza kwaya ya usharika. Wakawa wapenzi, na shule yake ikaagiza kompyuta kwa Remmy. Kila jioni walibishana kwa simu: kompyuta ikiwashwa mara ya kwanza, ikutwe na programu zipi? Diski zilikuwa ndogo. Remmy alitaka ya kuandikia, ya mahesabu, na mchezo wake wa karata. Fidelia aliomba moja tu, ya kuandika nota, ili wanakwaya wake wazitumie mashine hizo jioni, waache kunakili kwa mkono.

"Kwa ajili yako, mpenzi, nitaiweka," Remmy aliahidi.

Akaiweka kwa majaribio kwenye mashine za kwanza za shule ya Fidelia. Aliporudi kukagua baada ya wiki, akakuta haijafunguliwa kabisa. Akaifuta. Mashine mpya zikaja bila nota, na Fidelia akaaibika mbele ya kwaya nzima aliyoiahidi.

"Hakuna aliyeifungua, Fide," Remmy alijitetea kwenye simu.

"Wiki ile nzima tulikuwa Makete kwenye tamasha la kwaya. Wewe mwenyewe ulinisindikiza hadi kwenye basi."

Akakata. Jamani, mwanaume ajue kila kilichomo kwenye kompyuta, asijue mpenzi wake yuko wapi!

Ujumbe wa Remmy haukujibiwa. Kila basi la Njombe likiingia Makambako alitoka dukani kwake, anajifanya anatafuta mteja. Huko Njombe ukungu ulishuka hadi madirishani, na Fidelia alikaa na sweta lile lile, simu mapajani, akimtamani na kumkasirikia kwa pamoja. Alisoma jumbe zake mpaka akazikariri.

Asubuhi moja akaingia chumba cha kompyuta, akamkuta Remmy, kibali cha mkuu wa shule mfukoni, anamalizia mashine ya mwisho. Programu ya nota ilikuwa ya kwanza kwenye kioo.

"Na karata zako?" Fidelia aliuliza.

"Vyote havikuenea. Kukosa karata nimeweza. Kukukosa wewe nimeshindwa. Nitume mshenga?"

Fidelia alifuta kioo kwa kiganja, japo hakikuwa na vumbi.

"Apige hodi nyumbani Jumapili, baada ya ibada. Siku ya mazoezi asije. Nyumba nzima huwa tuko kanisani tunaimba. Atakuta kimya, arudi kukwambia hakuna aliyefungua."