Kikao Alichokiahirisha Bitutu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bitutu alimfungulia baba yake karakana pale sokoni Mosocho. Alifagia vumbi la chuma, akapanga nyundo na misumeno mahali pake, kisha akaisukuma nje mashine ya kuchomelea vyuma. Fundi Ongeri hakutaka mtu yeyote aiguse mashine hiyo isipokuwa binti yake. Akimaliza alinawa mikono, akavaa sweta ya shule na kushika njia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa gredi ya saba, na tangu mwezi wa nne kazi hiyo aliifanya huku ameukunja uso.

Sababu ilijulikana na kila mtu. Mwezi wa nne, baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, mnara wa tangi la maji ambao baba yake aliijengea shule yao uliinama, ukalala juu ya paa la jiko la shule. Kwa bahati ilikuwa Jumapili, na hakuna aliyeumia. Lakini tangu siku hiyo Bitutu hakupata raha darasani.

Jumatatu moja alikuta watoto wamesongamana nje ya duka la vifaa vya ujenzi, wanasoma karatasi mpya ukutani. Ilikuwa ratiba ya Umoja wa Mafundi na Wahandisi. Watu hao walikutana mara moja kwa mwezi katika chuo cha ufundi, Jumapili mchana, ili Wasabato na Wakatoliki wote wapate nafasi. Karatasi ilitaja vikao vitatu vitakavyofuata. Cha tatu kilihusu umeme wa jua. Cha pili kilihusu mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Cha kwanza kiliandikwa kwa herufi nene:

"Jumapili hii, saa nane mchana. Fundi Ongeri wa Mosocho: Tangi langu lililoanguka. Nilikosea wapi? Wote mnakaribishwa."

Duke, mvulana wa darasa lake, ndiye aliyekuwa akiwasomea wenzake kwa sauti ya mtangazaji wa redio.

"Wote mnakaribishwa!" alirudia alipomwona Bitutu. "Mimi nitakuja na sufuria kichwani. Bitutu, babako atalileta tangi lenyewe ama litaanguka njiani?"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Bitutu aliona giza. Alimsukuma Duke kifuani, akaenda zake bila kugeuka nyuma, na siku nzima hakusikia hata neno moja la mwalimu.

Jioni alimkabili baba yake kabla hata hajatua mkoba.

"Tata, nani amekuandika kwenye ile karatasi?"

"Ratiba huandikwa na Injinia Apondi," Fundi Ongeri alijibu, huku anafuta mikono kwa kitambaa. "Kwani kuna kosa la tarehe?"

"Anakuaibisha! Yeye ana kazi yake Kisii mjini, ana mshahara, ana gari. Tangi lake halijaanguka!"

"Lake lilikuwa bomba. Lilipasuka mara mbili, watu wakakaa wiki tatu bila maji. Mwaka jana alisimama mbele yetu akaeleza yote. Katika umoja wetu mtu hasimami kujisifu, Bitutu. Anayesimama hueleza kazi iliyomshinda, na wengine wanamuuliza maswali mpaka jasho limtoke. Safari hii ni zamu yangu, na ni mimi niliyeiomba."

"Uliiomba? Wewe mwenyewe?" Sauti ya Bitutu ilipanda. "Watu wamekucheka mwezi wa nne, sasa unawaita waje wakucheke tena! Basi mimi nakwambia usiende!"

"Chunga mdomo wako," baba alisema. "Mimi si mwenzako wa darasa."

Bitutu alikwenda kulala, lakini hasira haikulala. Ilimweka macho usiku kucha, na kulipokucha alikuwa ameshaamua. Kama watu hawatajua siku ya kikao, hawatakwenda; na wasipokwenda, hakuna atakayemcheka baba yake.

Matangazo yalikuwa matatu. Mafundi wenye simu kubwa walipashana habari kwa simu zao, lakini wengi, hasa wale wasio wanachama, walitegemea karatasi hizo. Bitutu alilichana la duka la vifaa, akalichana la mlangoni mwa chuo cha ufundi, na baada ya shule, akitumwa kusaga mahindi, akalifikia la ukutani mwa kinu. Alikuwa amelivuta nusu aliposikia mtu nyuma yake.

"Binti, mbona unaling'oa? Hebu nilisome kwanza."

Alikuwa kijana mwenye koti la kazi na bomba jeupe begani. Bitutu aliificha karatasi mgongoni.

"Mimi naitwa Obwocha, fundi wa Suneka," kijana akasema kwa uchangamfu. "Nimeambiwa kuna kikao cha matangi. Nimejenga mnara wangu wa kwanza, wa shule ya chekechea. Kiwanja kilikuwa mteremko mtupu, lakini nimekata juu, nikajaza chini, sasa kimenyooka kama meza! Kwetu maji ya bomba huja Jumapili peke yake, na Jumapili hii ndiyo ya kulijaza tangi. Lakini kama kikao ni siku hiyo, tangi lingoje. Nitakuja nisikilize kwanza. Kikao ni lini?"

Lilikuwa swali dogo, na jibu lake lilikuwa mkononi mwa Bitutu.

"Hakuna kikao," alisema. "Kimeahirishwa mpaka mwezi ujao. Ndiyo maana natoa karatasi."

"Aa! Basi nitajaza tu. Asante, dada mdogo. Umeniokolea safari."

Jioni hiyo Bitutu aliwashia jiko kwa karatasi tatu, na uji ukachemka vizuri.

Jumapili ilipofika, Fundi Ongeri alivaa shati lililopigwa pasi, akamwamuru Bitutu abebe beseni lenye udongo mwekundu. Hakumwambia ni la nini. Ndani ya ukumbi wa chuo cha ufundi, viti vilikuwa vimepangwa zaidi ya hamsini. Watu walikuwa tisa.

Injinia Apondi, mama mrefu aliyetoka upande wa ziwa akaja kufanya kazi ya maji Kisii, alikuwa akitembea huku na huku kama mtu aliyeibiwa.

"Karatasi nilibandika mwenyewe, kwa mikono hii!" alifoka. "Mwezi jana walijaa mpaka mlangoni. Leo wamekwenda wapi? Fundi Ongeri, mimi nimeudhika kwa niaba yako. Hii ni dharau!"

Fundi Ongeri alivitazama vile viti vitupu, kimoja kimoja. Bitutu alitegemea kumwona amepata nafuu. Badala yake baba yake alionekana kama mtu aliyepika karamu na wageni wasije.

"Tisa wanatosha," alisema hatimaye. "Tuanze."

Aliliweka beseni juu ya meza. Nusu moja ya udongo aliishindilia kwa ngumi, nusu nyingine akaimwaga ikiwa laini, kisha akasawazisha juu kwa ubao mpaka pote pakawa sawa. Akasimamisha hapo kigoda kidogo cha chuma, miguu miwili upande mmoja, miwili upande wa pili, na juu yake akaweka kopo tupu.

"Niambieni, kimesimama au hakikusimama?"

"Kimesimama," watu wakajibu.

"Hata mnara wangu ulisimama. Vyuma vilikuwa vinene na nilivichomelea vizuri. Nilitafuta kosa juu kwa miezi miwili, kumbe kosa lilikuwa chini. Sisi watu wa milima hatuna ardhi tambarare. Tukitaka kiwanja tunakata upande wa juu, udongo tunaumwaga upande wa chini, tunasawazisha. Ukitazama kwa macho, kiwanja ni kimoja. Lakini nusu ni ardhi ya tangu na tangu, na nusu ni udongo wa jana."

Akaanza kumimina maji ndani ya kopo. Lilipofika nusu, miguu miwili ya kigoda ilizama taratibu, kopo likateleza, maji yakamwagika mezani. Mtu mmoja akaguna.

"Nilipaswa kuchimba mpaka chini ya udongo wa kujazwa, nikamimina zege hapo," Fundi Ongeri akaendelea. "Sikuchimba. Nilikiona kimenyooka kama meza, nikaridhika."

Maneno hayo Bitutu alikwisha kuyasikia. Alimwona tena yule kijana mwenye bomba begani. Alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasorobo, na maji ya Suneka yalikwisha kuja. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akisema, watu wote tisa watajua, na baba yake pia.

Alisimama. "Kuna mwingine," alisema. "Kuna fundi wa Suneka, Obwocha. Amekata na kujaza hivyo hivyo. Tangi la chekechea. Analijaza leo. Alitaka kuja hapa, nikamwambia kikao kimeahirishwa. Karatasi nilizichana mimi. Zote tatu, nikawashia jiko."

"Umefanya nini?" Injinia Apondi alipaza sauti. "Msichana wewe, umefanya nini?"

Fundi Ongeri alimtazama binti yake mara moja tu, na Bitutu angependa kupigwa kuliko kutazamwa vile.

"Nani ana namba ya huyo fundi?" Injinia aliuliza. Hakuna aliyekuwa nayo. Alinyakua funguo za gari. "Twende. Na wewe ingia, utuonyeshe huyo mtu!"

Walifika Suneka baada ya nusu saa. Kumpata Obwocha hakukuwa kazi, kwani mnara wake ulionekana toka barabarani. Tangi jeusi la lita elfu tano lilikuwa juu, maji yakiingia kwa kishindo. Chini yake, upande wa bondeni, akina mama na watoto walikuwa wamepanga foleni na mitungi, wakingoja bomba jipya lifunguliwe.

"Ondokeni hapo!" Injinia Apondi alipiga kelele kabla gari halijasimama vizuri. "Ondokeni wote! Wewe mtoto, acha mtungi, kimbia!"

Fundi Ongeri alikimbilia koki na kuifunga. Obwocha akaja mbio, uso umemvimba.

"Ninyi ni nani? Nani amewaruhusu kufunga maji yangu?"

"Matusi utanitukana baadaye," Fundi Ongeri alisema. "Njoo utazame."

Alitoa nati mfukoni, akaifunga kwenye uzi, akaining'iniza kando ya mguu wa mnara. Uzi ulinyooka wima. Mguu ulikuwa umeuacha uzi kwa upana wa kiganja. Chini, miguu miwili ya upande wa bondeni ilikuwa imezama vidole viwili, na udongo umepasuka kama mkate.

Obwocha alitazama, kisha akageuka kuitazama foleni. Rangi ilimtoka usoni.

"Yule wa mbele ni mtoto wangu," alisema. "Yule mwenye mtungi wa njano."

"Maji yote yatoke," Fundi Ongeri alimwambia. "Lakini yasimwagike hapa, udongo utalainika zaidi. Tuyavute kwa mpira wa maji kutoka juu, tuyapokee mbali kwa ndoo."

Walipokuwa wakifunga mpira, Obwocha alimwona Bitutu amesimama kando ya gari.

"Si wewe uliyeniambia kikao kimeahirishwa?"

"Ni mimi. Nilikudanganya. Kikao kilikuwa leo, na baba yangu ndiye aliyekuwa akifundisha. Nisamehe."

"Nilikuita dada mdogo!" Obwocha alimfokea mpaka akina mama wakageuka. "Nilikushukuru! Mtoto wangu alikuwa chini ya tani tano za maji, kwa nini? Nilikukosea nini mimi?" Alipumua kwa nguvu. "Nimesikia kuomba kwako. Sijakusamehe. Chukua ndoo."

Bitutu akachukua ndoo. Alibeba moja, akabeba nyingine, kisha nyingine tena. Baba yake alikuwa nyuma yake na ndoo zake mbili, na hapo ndipo alipomsemesha.

"Nisikilize vizuri, maana sitarudia. Tangi langu lilipoanguka, watu walinicheka na nikaumia. Nilikubali wanicheke tena Jumapili nzima, ili tangi kama hilo lisianguke kwa mtu mwingine. Kosa likifichwa halitoweki, Bitutu. Linahamia kwenye kazi ya jirani na kungoja watoto wake. Wewe uliogopa kicheko cha watu, ukadanganya mtu aliyekuja kujifunza. Aibu ile ilikuwa yangu, si yako kuichoma jikoni. Aibu ya leo ndiyo yako, na utaibeba mwenyewe. Lakini ulisimama na kusema kweli watu wakiwa wanasikia, na kwa sababu hiyo hatuzungumzi msibani sasa hivi. Ukikosea tena, na utakosea, sema siku hiyo hiyo. Usingoje mpaka mtoto asimame chini ya tangi."

Walitembea hatua kadhaa.

"Tata, bado umekasirika?"

"Sana," alijibu Fundi Ongeri. "Na usimwage maji hapo. Yapeleke mpaka kule kwenye migomba."