Sehemu ya Nne

Wirat aliigawa diski sehemu tatu, alipozihesabu akakuta nne.

Kwanza alicheka. Alikuwa fundi wa kompyuta mwenye duka nyumbani kwake pale Lampang, kaskazini mwa Thailand, na kugawa diski ili mashine moja ibebe mifumo endeshi mitatu kulikuwa kwake kama kumsukuma mlevi. Akaifuta ile sehemu isiyo na jina, akaiunganisha nafasi yake na ya jirani, akawasha upya. Sehemu ya nne ilikuwepo tena, na imenenepa.

"Jai, umegusa mashine yangu?"

"Niiguse niifanyie nini, Kaka? Kwa tumbo hili hata meza yenyewe siifikii," alijibu mkewe, aliyezoea kumwita hivyo, kutoka jikoni, akitwanga pilipili.

Duangjai, au Jai kama mumewe alivyomwita, alikuwa na mimba ya miezi sita, baada ya mbili kuharibika. Daktari alishawaambia ni mtoto mmoja, wa kiume, mzima. Wirat aliuhofia uhai wa mtoto huyo kuliko alivyohofia roho yake mwenyewe.

Kwa ajili yake aliongeza chumba. Mahali pa kukijenga palikuwa na kijumba cha mwenye mahali, roho anayelinda kiwanja, kile kidogo cha juu ya nguzo, ambacho marehemu mama yake alikiwekea maua na soda nyekundu kila asubuhi. Waashi walikataa kukigusa, wakamsihi aombe ruhusa kwanza. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wirat aliwacheka, akaking'oa mwenyewe, akakilaza nyuma ya choo bila kuwasha hata udi mmoja.

Sasa akaifuta ile sehemu mara ya pili. Diski ikaanza kulia tik, tik, kama ukucha unaobisha mlango kwa adabu, na kwenye matundu ya feni ikatoka harufu ya asmini iliyooza. Ulikuwa mchana, mvua ikinyesha barabarani. Wirat akachomoa waya wa umeme, mashine ikazimika, lakini ile tik, tik haikukoma, ikashuka mezani, ikaingia ukutani, ikatambaa polepole hadi chumba cha mtoto, na humo ndani, ambamo hamkuwa na mtu, kitanda kipya kikaanza kuburutwa sakafuni, huku na huku, kama mpangaji anayepanga vitu vyake.

"Kaka," Duangjai alinong'ona, mikono tumboni. "Nani yumo mle?"

Wirat alimvuta mkewe mbali na mlango ule. Akampigia simu Mama Bualai, muuza soseji sokoni, ambaye watu humwita wakisumbuliwa na visivyoonekana. Alifika kwa pikipiki, akavua viatu, akainusa ile mashine.

"Umegawa mahali pa mtu, mwanangu, ukasahau kumpa fungu lake. Naye kaamua kujigawia."

"Nimfukuzeje, Mama?"

"Umfukuze wewe, kama nani? Rudisha kijumba chake, omba radhi, umwalike kwa maneno. Na utaje mahali! Hawa hushika ahadi kama ilivyotamkwa. Usije ukabwabwaja."

Kijumba kikasimamishwa mbele ya duka, kwa maua na soda. Wirat akapiga magoti, udi kati ya viganja. Ndipo kitu kikampumulia kisogoni, pumzi ya baridi yenye harufu ile ile ya asmini, na maneno yote aliyofundishwa yakamtoka kichwani, akajikuta anapayuka, "Nisamehe, Babu, toka tu kwenye mashine yangu, toka chumbani kwa mwanangu, ukae popote upendapo, popote, sitakugusa tena!"

Ile tik, tik ikakoma. Mama Bualai alimtazama kwa huruma, akavaa viatu vyake, akaondoka bila kuaga.

Jioni Wirat aliwasha mashine. Sehemu tatu. Akalia kwa furaha, akamkumbatia mkewe.

Wiki iliyofuata walikwenda kliniki. Daktari alipitisha kifaa juu ya tumbo, kisha akapitisha tena.

"Sijui mwanzoni nilikosaje kumwona," alisema. "Hongereni, wako wawili. Tena huyu wa pili mnene, kambana mwenzake hadi pembeni."

Akafungua sauti wasikie mioyo. Wa kwanza ulikwenda mbio, hafifu, kama wa mtoto yeyote. Wa pili haukuwa na haraka.

Tik. Tik.