Jiwe la Mama Asiye na Binti

Bibi yangu Yudith alikuwa na viganja vigumu kuliko vya mtu yeyote niliyewahi kumshika mkono. Sisi wajukuu tulimtania kwamba hana haja ya jembe. Mgongo ukituwasha tulimgeuzia, naye akipitisha kiganja mara moja tu tulipiga kelele na kuangua kicheko. Yeye hakucheka nasi. Siku moja, uzeeni, wakati kazi yake ilikuwa kuota jua tu, alinieleza viganja vile alivipata wapi. Alinieleza mchana kweupe, kwa kuwa mambo yenyewe, alisema, yalitokea mchana. Na mwenye kisa hakuwa yeye. Alikuwa dada yake, Dorkasi.

Shule yenyewe bado ipo. Sitaitaja, nisije nikaitwa ofisini kujieleza. Leo ni sekondari ya wasichana yenye maabara na geti la chuma, na mabinti waliopita pale wengine ni madaktari, wengine mahakimu. Lakini enzi za Mjerumani, wakati reli ilikuwa bado ngeni Dodoma na watu walitoka mbali kuja kulishangaa gari moshi, ilikuwa tembe moja ndefu yenye paa la udongo na ua wa miiba. Ndani mlikuwa na wasichana wachache wakijifunza kusoma, kushona na kuimba, chini ya mmishonari mmoja mwanamke waliyemwita Bibi Emilia. Wazee wa Kigogo walipita wakichungulia uani, wakatikisa vichwa na kwenda zao.

Dorkasi ndiye aliyekuwa mkubwa wa wasichana wale. Baba yao alikufa kwenye kazi ya reli, na baba yao mdogo, Mazengo, akawachukua yeye na Yudith. Haukupita muda akamwahidi Dorkasi kwa mzee mmoja aliyekwisha kuzika wake wawili. Alisema wazi kwamba Yudith naye akivunja ungo atamfuata dada yake kwenye boma lile lile. Asubuhi iliyofuata Dorkasi alimbeba mdogo wake mgongoni kama anayekwenda kuchota maji, akapitiliza kisima, hakugeuka nyuma mpaka alipofika misheni. Bibi Emilia aliwapokea bila maswali mengi.

Siku ambayo mambo yalianza ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Wasichana walikuwa wanafua. Jiwe la kusagia la bweni lilikuwa limepasuka, na mwalimu Gideoni, Mgogo mwenzao aliyewafundisha kusoma, alikuwa ametoka kwenda kutafuta jingine. Akarudi na wanaume wawili wamebeba jiwe pana, zuri, limelika katikati kwa kusagiwa miaka mingi. Walilitua jikoni. Wasichana waliokuwa wakiimba wakanyamaza mmoja mmoja.

Kila mmoja alijua lilikotoka. Kule nyuma ya kilima palikuwa na mahame, tembe iliyobomoka ya mama mmoja aliyezikwa na majirani katika mwaka wa njaa, baada ya binti zake wote kumtangulia. Na kwao jiwe la kusagia lilikuwa la mama, akifa huachiwa binti. Mama asiye na binti jiwe lake hufudikizwa, uso wake ukalala chini, ili mikono ya mwenyewe ipumzike. Jiwe la namna hiyo halikuguswa na mtu.

"Mwalimu," Dorkasi alisema kwa sauti ya chini, "umelikuta limelalaje?"

Gideoni alijifuta jasho. Alikuwa amebatizwa si zamani, na hakutaka mtu adhani bado anaogopa vitu vya kwao.

"Jiwe ni jiwe, Dorkasi."



Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mtama wa misheni uliletwa na punda kutoka Busi, mbali kaskazini, na Dorkasi ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Bibi Emilia alimwita akamwambia bila kuzunguka: mtama ukiisha kabla ya mvua, wasichana wote watarudi makwao mpaka mavuno. Dorkasi aliitikia, akatoka nje. Wenzake walikuwa na makwao. Yeye alikuwa na Mazengo na yule mzee aliyezika wake wawili. Tangu siku hiyo kila alipoingia ghalani aliupima mtama kwa macho.

Wasichana walisaga alasiri, jua likipungua ukali. Kabla ya hapo, saa za joto, misheni nzima ililala. Alasiri moja Dorkasi aliingia jikoni, akaukuta ungo umejaa unga. Mweupe, laini, unga ambao hakuna msichana wa pale aliyeweza kuusaga. Akauliza nani amesaga. Hakuna aliyejitokeza. Akatia mkono. Unga ulikuwa na joto, kama unavyokuwa ukitoka jiweni sasa hivi.

Akakimbilia ghalani. Mtama haukupungua hata kidogo.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Alikuwa na mdomo, na Bibi Emilia alikuwa chumba cha pili. Lakini alisimama mbele ya ule ungo, akaifikiria miezi iliyobaki kabla ya mvua, akamfikiria yule mzee. Akabandika chungu, akapika, wakala. Ugali ulikuwa mtamu kupita kiasi. Wasichana walisugua chungu kwa vidole, wakacheka, wakalala wameshiba.

Kesho yake unga ulikuwepo tena. Na kesho kutwa. Vijiji vya jirani watu walikuwa wakichemsha mizizi, lakini wasichana wa misheni walinenepa mashavu. Bibi Emilia aliona, akapiga magoti na kushukuru. Dorkasi naye alipiga magoti kando yake, amefumba macho. Viganja vyake, vilivyokuwa na sugu tangu utotoni, vilianza kulainika kwa kukosa kazi.

Jioni moja alikuwa anamwogesha Yudith. Akamshika mkono ili amsugue, mkono ukamkwaruza.

Akaufungua. Kiganja cha mtoto yule, mtoto ambaye hajang'oka hata meno ya mbele yote, kilikuwa na sugu nene, za manjano, zilizopasuka pembeni. Akageuza cha pili. Kilikuwa hivyo hivyo. Akamtazama magoti. Ngozi ilikuwa ngumu na nyeusi, magoti ya mwanamke aliyepiga magoti maisha yake yote.

"Yudith. Umefanya nini?"

"Nasaga, dada."

"Na nani?"

Mtoto akacheka kidogo, akaona haya, kama mtu anayeulizwa jambo la wazi.

"Na mama."

Mama yao alikufa siku aliyomzaa Yudith.

Dorkasi hakulala. Asubuhi alimfuata Gideoni, akamkuta anafuta ubao, akamweleza yote kwa kunong'ona. Gideoni aliketi kwenye benchi la watoto.

"Nililikuta limefudikizwa," alisema. "Nikaligeuza mimi, kwa mkono huu."

"Tulirudishe."

"Likishaamshwa, mwenye kulilaza ni binti yake tu. Hakuwa na binti." Akasita. "Lakini mmekula unga wake, Dorkasi. Mwenye kukusagia na kukulisha ni nani kwako?"

Dorkasi alijua jibu. Mtoto yeyote wa kwao angelijua.

Saa sita ya siku ile, wote walipojilaza, Dorkasi alilala kwenye jamvi kando ya mdogo wake, macho ameyafumba nusu. Upepo wa vumbi ulipita uani ukatulia. Kuku wakanyamaza. Yudith akainuka. Hakujinyoosha wala hakupiga miayo. Alinyanyuka tu, kama aliyeshikwa mkono, akatoka.

Dorkasi akamfuata.

Jikoni mlango ulikuwa wazi na jua limesimama utosini. Alisikia jiwe kwanza. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Kisha wimbo, wimbo wa kusagia wa zamani, kwa sauti nyembamba ya mtoto. Chini yake palikuwa na sauti nyingine, nzito, inayoitikia.

Akachungulia.

Yudith alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe. Peke yake. Anasukuma na kuvuta. Juu ya jiwe hapakuwa na mtama, hata punje. Unga ulikuwa unamwagika.

Kwao mama humfundisha binti kusaga kwa kupiga magoti nyuma yake, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto. Saa ile ya jua la utosini hakuna kitu kinachotoa kivuli. Ukuta haukuwa nacho, chungu hakikuwa nacho, Yudith hakuwa nacho. Lakini sakafuni, nyuma ya mtoto, palikuwa na kivuli kipana cha mwanamke aliyepiga magoti. Kilikuwa kinakwenda mbele na kurudi nyuma.

"Yudith," alinong'ona. "Njoo."

Mtoto hakugeuka. Dorkasi akaingia, akamshika kiunoni, akamvuta. Hakusogea. Alikuwa mzito, amejaa uzito wa mtu mwingine. Na chini ya vidole vyake vidogo unga ulianza kutoka na rangi nyekundu. Sugu zilikuwa zimepasuka. Alikuwa anasaga huku anatoka damu, na anaimba.

Hapo woga ukamtoka Dorkasi, kikabaki kitu kimoja tu, mapenzi. Akapiga magoti nyuma ya mdogo wake, pale pale kwenye kivuli. Akanyoosha mikono amshike mikono. Haikufika. Katikati palikuwa na mikono mingine. Hakuiona. Aliigusa. Mikavu, mipana, ina joto. Ikasimama.

Jiwe likanyamaza.

Karibu kabisa na shingo yake, mtu akavuta pumzi.

"Mama," Dorkasi alisema kwa Kigogo. "Huyu ni mdogo. Hajui kitu. Mwache. Mimi nimekula unga wako kwa kujua. Mimi ndiye binti yako."

Kisha ile mikono ikateleza kutoka chini ya mikono yake. Ikapanda. Ikatua juu.

Yudith aliangukia pembeni, akalala usingizi mzito. Na Dorkasi akaanza kusaga.

Gideoni alipofika alimkuta ametulia, jasho linamtiririka, ungo umejaa. Alikuwa amekuja na mti wa kuligeuzia jiwe. Dorkasi alimzuia.

"Likilazwa leo, kesho wasichana watakula nini?"

"Dorkasi, hujui unachosema."

"Najua, Mwalimu. Hawatarudishwa makwao."

Gideoni hakukaa hata mwezi. Alikwenda kuomba kazi kwenye reli, na hakuonekana tena misheni. Mvua ilichelewa sana mwaka ule, lakini bweni halikufungwa. Historia ya shule imeandika hivyo kwa fahari, na inasema ni nguvu ya maombi. Sibishani na historia.

Mjerumani akaondoka, akaja Mwingereza, naye akaondoka. Tembe ikawa nyumba ya matofali, nyumba ikawa shule. Yudith alikua, akaolewa na kijana aliyempenda, akazaa. Dorkasi hakuolewa. Kila mwanafunzi alimwita Mama Dorkasi, na hakuna msichana aliyelala njaa mbele ya macho yake. Hata mashine ya kusaga ilipoletwa, hakuliacha jiwe lake. Mchana, shule ikipumzika, waliopita karibu na jiko lake walisikia watu wawili wakizungumza na kucheka. Wakichungulia walimkuta yuko peke yake.

Alipokufa, Yudith alikwenda, nami mdogo nikafuatana naye. Aliwafukuza watu wote jikoni. Kwa kuwa dada yake hakuacha binti, alilifudikiza lile jiwe kwa mikono yake mwenyewe, akalizika palepale, uso chini. Akawaambia wakubwa wa shule lisiguswe. Waliitikia kwa heshima. Baadaye wakahamishwa, wakaja wengine.

Bibi Yudith alifariki zamani sasa, na viganja vyake viligoma kulainika mpaka mwisho. Alikufa akiiamini ahadi ya wale wakubwa.

Mwaka juzi shule ilifanya jubilei. Walitaka kitu cha kale cha kuonyesha wageni. Mtu mmoja mwenye kupenda historia akakumbuka, wakachimba. Wakaliosha vizuri, wakaliweka bwaloni juu ya jukwaa la saruji na kibao kimeandikwa "Jiwe la Mama Dorkasi". Wageni walipiga nalo picha. Nami nilionyeshwa picha hiyo kwenye simu. Jiwe limelala uso juu.

Nilikwenda. Niliomba lilazwe. Walinikaribisha soda, wakanisikiliza, wakasema mzee, huu ni urithi wetu.

Mjukuu wangu Sechelela yuko kidato cha kwanza pale. Alirudi likizo juzi, amenenepa mashavu. Nilikuwa nimekaa uani. Akaja mbio.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama."

Akanipa mkono. Nikaushika. Nilikijua kiganja kile. Kilinikuna mgongo utoto wangu wote.

"Mnafanya kazi gani huko shuleni?" nilimuuliza.

"Kazi gani, babu? Unga unakuja na lori. Mchana tunapumzika tu."

"Na wewe unapumzika?"

Akacheka kidogo, akaona haya.

"Wapo mama wawili wananifundisha," alinong'ona. "Mmoja huwa haongei. Yule mwingine kila siku ananiuliza kama Yudith ameshakula." Akanitazama. "Babu, Yudith ni nani?"

Mama yake akamwita ndani, akakimbia huku anaimba kwa sauti nyembamba wimbo ambao kwetu hakuna aliyebaki wa kuufundisha. Shule inafunguliwa Jumatatu. Nilibaki nimekaa, nikautazama mkono wangu, ule aliokuwa ameushika. Ulikuwa mweupe kwa unga, na unga ulikuwa bado na joto.