Muleba Tano

Jumamosi moja ya Aprili 1972, saa saba mchana, hoteli ya Mama Shamsa nyuma ya soko la Bukoba ilikuwa na meza sita na watu wasiopungua thelathini. Kokubanza, opereta wa simu wa posta, alikaa pembeni na rafiki yake Klaudia, mwalimu wa shule ya msingi. Alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe. Vijana wawili walikuwa wamesimama mlangoni wakitafuta nafasi. Mama Shamsa akawasukumia kwenye meza hiyo bila kuuliza mtu.

"Sogeeni, wanangu. Ndizi zinapoa."

Mrefu kati yao alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu. Alipokaa akanyoosha mkono. "Dada, naomba hiyo chumvi."

"Subiri," alisema Kokubanza, ambaye bado alikuwa akiitumia.

Mkono wa kijana ukabaki hewani. "Wewe ni Bukoba."

"Nini?"

"'Bukoba, zungumza. Subiri. Usikate.' Kila siku saa mbili asubuhi. Mimi ni Muleba Tano."

Klaudia alicheka mpaka chai ikamwagika. Kokubanza hakucheka, lakini alimpa chumvi.

"Nilidhani Muleba Tano ni mzee," alisema. "Unakohoa kama mzee."

"Ni vumbi la kahawa, waitu," alijibu kwa heshima ya Kihaya.

Jina lake lilikuwa Mutalemwa. Alipanga kahawa kwa madaraja katika ghala la ushirika Muleba, na kila asubuhi, kwa simu namba tano ya Muleba, alipiga chama kikuu cha ushirika Bukoba kutoa taarifa ya magunia. Mwenzake, Ishengoma, alikuwa dereva wa lori lililoleta kahawa hiyo mjini.

Baada ya hapo wanne hao walikula pamoja karibu kila Jumamosi. Waliagiza ndizi kwa maharage, au samaki wa kukaanga kama mvuvi wa Mama Shamsa amewahi. Ishengoma alibishana na Klaudia kuhusu vijiji vya ujamaa. Yeye alivisifu, Klaudia alimuuliza mbona mwenyewe hajahamia. Mutalemwa na Kokubanza hawakubishana.

"Jana sauti yako ilikuwa kali," Mutalemwa alimwambia siku moja.

"Msimamizi alikuwa nyuma yangu. Hatuna ruhusa ya kuongea na wateja."

"Kwa hiyo mimi ni mteja, mpenzi wangu?"

"Asubuhi, ndiyo. Jumamosi nitafikiria."

Walioijua habari yao walidhani kikwazo kitakuwa kanisa, kwa kuwa Mutalemwa alikuwa Mlutheri na Kokubanza Mkatoliki wa Rubya. Lakini kwao ukoo ulitangulia kanisa, na Mutalemwa alikwisha kuuliza jina la ukoo wa Kokubanza. Lilikuwa tofauti na lake, naye akaridhika.

Jumamosi ya pili ya Novemba, Mutalemwa alimwambia Ishengoma ndani ya lori kwamba siku hiyo angetaja ndoa. Mvua zilikuwa zimeanza. Mama Shamsa, aliyekuwa na macho ya kuona mambo, aliwaletea bakuli la uyoga wa karanga ambao hawakuuagiza.

"Huu ni wangu kwenu. Kuleni."

Mutalemwa alilisogeza bakuli kwa Ishengoma. "Samahani, mama. Uyoga ni muziro wetu."

Hakuna aliyeshangaa. Kila ukoo una muziro wake, kitu ambacho watu wake hawakili, na wenye muziro mmoja ni ndugu hata kama majina ya koo zao yametengana zamani. Ndugu hawaoani.

Klaudia ndiye aliyegundua. "Koku, na wewe mbona huli?"

"Kwetu hatuli uyoga."

"Hatuli hatuli?" aliuliza Ishengoma, akitabasamu. Kisha akaacha kutabasamu.

Mutalemwa aliweka kijiko mezani. "Tangu lini?"

"Tangu zamani."

Kokubanza aliona wanachofikiri. Sentensi moja ingetosha kuwasahihisha. Mwaka 1958, yeye akiwa shule ya bweni, mama yake Ephrasia na kaka zake wawili, Protase na Clavery, walikula uyoga uliochumwa shambani na wote wakafa kabla ya jua kuzama. Muziro wa ukoo wake ulikuwa pongo, mnyama wa porini, na hakuna hoteli inayopika pongo. Lakini kwa miaka kumi na minne hakuwahi kuitamka sentensi hiyo kwa mtu yeyote. Aliitafuta, hakuipata. Alimaliza chai yake. Haikuwa na ladha yoyote.

"Muleba Tano. Naomba chama kikuu."

"Subiri. Zungumza."

Ndoa haikutajwa. Ikawa hivyo tu kwenye simu Novemba yote, Desemba na Januari. Kokubanza alilala vizuri, alikula, alikwenda kanisani. Klaudia alimuuliza kama anaumia, naye akajibu kwa ukweli kwamba hasikii kitu.

Jumatano moja ya Februari, Klaudia alikuja posta na kuinama dirishani.

"Ishengoma ameniambia. Baba yake Mutalemwa, yule karani wa bandari ya Kemondo, Jumapili anakwenda Kitendaguro kumposea mwanawe binti wa mzee Nathanael. Nimeona ulisikie kwangu."

"Asante."

"Asante tu?"

"Kuna watu nyuma yako, Klaudia."

Alhamisi saa mbili asubuhi taa ya Muleba iliwaka kwenye ubao wa simu.

"Muleba Tano. Naomba chama—"

"Subiri. Usikate." Msimamizi alikuwa hatua tatu kutoka kwake. "Mama yangu, Protase na Clavery walikufa siku moja kwa uyoga. Hamsini na nane. Ndiyo maana hatuli. Muziro wetu ni pongo."

Waya ulinguruma. Msimamizi aligeuka.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza Mutalemwa.

"Sikuwahi kusema."

Mutalemwa alikohoa. "Basi usinipe chama kikuu. Nipe Kemondo, bandarini."

Alimpa Kemondo, akavua visikizi ili asisikilize. Msimamizi alimwambia atamwandikia barua ya onyo. Alikubali. Taa zilibaki zikiwaka dakika saba, zikazimika, kisha ya Muleba ikawaka tena.

"Bukoba, zungumza."

"Baba ameuliza mara tatu kama ni pongo kweli. Sasa anasema Jumapili ataelekea Rubya, si Kitendaguro. Kama utakubali."

"Nakubali."

"Mzee wako aambiwe."

"Hana simu. Nitakwenda mwenyewe."

Jumamosi Kokubanza alishuka kwenye basi Rubya, akamkuta baba yake akimenya ndizi, kazi aliyojifunza uzeeni. Alimweleza kuhusu wageni wa kesho. Mzee alisikiliza bila kuacha kisu.

"Ni mtu gani?"

"Wa kahawa. Mlutheri, tata."

"Umemwambia habari za mama yako?"

"Nimemwambia."

"Na wavulana?"

"Kwa majina yao."

Mzee aliweka kisu juu ya maganda. Ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kuzungumzia jambo hilo. Alifuta utomvu mikononi. Kisha aliuliza wageni watakuwa wangapi, akachukua mundu, akatoka kwenda kukata nyasi mbichi za kutandika sakafuni kwa heshima yao.