Majina ya Woga

Jumamosi ile soko la Kamalondo lilikuwa limefurika. Baiskeli iliyobeba mafungu ya samaki wakavu wa Pweto ikapita kwa kasi, ikaichana nyuma suruali ya Liévin Mumba mbele ya umati. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka treni ya Ndola, koti la kijivu, tai nyekundu. Kofia yake ameikandamiza nyuma, akakimbilia baraza moja ambapo msichana wa gauni la samawati alikuwa akishona.

"Dada, uniokoe!"

"Iko nini, bwana? Kofia banavalaka ku kichwa," akajibu msichana, Victorine, mguu ungali kwenye cherehani.

"Leo kichwa kingoje. Haya yangu iko huku nyuma."

Victorine alicheka mpaka uzi ukakatika. Suruali ikashonwa, Liévin akaulizia jina, na tangu siku hiyo kila Jumapili alipita kumwamkia. Kazi ya Ndola, kwa Waingereza, ilikuwa imempa Kiingereza, na Victorine alipenda kukisikia kikielezwa.

"Bangereza beko na maneno mingi ya woga," Liévin alimwambia wakitoka kanisani. "Ukitetemeka, banasema uko na vipepeo mu tumbo. Ukitaka kukimbia siku ya ndoa, banasema miguu yako inapoa."

"Mama yangu! Bantu ba bunduki na ndege, kumbe baoga hivi?"

"Na weye, chérie, mupenzi wangu, yako itapoa?"

"Mi? Mi niko binti ya Kabwe. Miguu yangu iko moto, inaweza kuivisha sufuria ya bukari!"

Siku ya mahari ikafika. Familia zote mbili zilikaa uani kwa mzee Kabwe, baba yake Victorine, sahani ya mahari katikati. Kwa desturi yao, bwana harusi hafungui kinywa. Mshenga humsemea, na akisema hutozwa mbuzi. Kisha baba humuuliza binti kama mahari yapokewe, na jibu lake ndilo ndoa yenyewe.

Mshenga alikuwa Adalbert, mjomba wa Liévin, mtu anayelewa kwa sifa anazozitoa mwenyewe.

"Mutoto wetu iko évolué, mutu mustaarabu kama muzungu!" akanguruma. "Bibi yake hatashona tena nguo ya bantu. Mashine atauzisha, akae ku nyumba kama madame!"

Wazee wakapiga makofi. Mashine ile ya kushona Victorine aliipata kwa jasho lake, akishona sare za watoto wa misheni tangu aache shule. Kumbe Liévin ndivyo alivyopanga, bila hata kumwambia?

"Binti yangu," mzee Kabwe akauliza, "tule hii mali?"

Nyayo za Victorine zilikuwa baridi kama udongo wa asubuhi ya Juni. Waingereza hawakudanganya. Alimtazama Liévin, Liévin alikuwa ameinamisha kichwa.

"Jibu, mwana!" shangazi Régine akamfinya. "Unatupatisha haya."

"Baba, mi siwezi..."

Liévin akasimama.

"Pardon, ba mzee. Ile maneno ya mashine haikutoka kwangu. Na mwenye woga ni mimi, hapana yeye. Minaogopa bibi aache kazi yake juu yangu, kisha siku moja aniangalie kama mwizi. Victorine, shona. Hata nikipata motokari, weye shona."

"Mbuzi! Mbuzi!" wazee wakapiga kelele. Adalbert akajifunika uso kwa kofia.

Victorine akanyoosha mgongo. Akaichukua sahani ya mahari kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya baba yake.

"Kula, baba," akasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Na yule mbuzi wa faini, nitamulipa mimi. Kwa kazi ya mashine yangu."