Chumvi kwenye Kiyoyozi

Kila kiangazi, nyumba ya marehemu Falih ilipungua mpaka ikabaki chumba kimoja. Magodoro, televisheni, birika la chai, hata cherehani ya Mama, vyote vilihamia kwenye chumba chenye kiyoyozi, na tambara likawekwa chini ya mlango ili ubaridi usitoroke. Basra nzima huishi hivyo miezi ya joto. Ukiacha mlango wazi, utapigiwa kelele kana kwamba umemkaribisha mwizi.

Tabarak, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuwa na kazi zake humo ndani. Asubuhi alikunja magodoro, akampa Bibi Wabriya dawa ya presha, akachemsha chai na kwenda kupokea mkate mlangoni. Tangu baba yake aanguke kazini na kufariki, kabla joto halijaanza, alizifanya kazi hizo bila kosa na bila kuhisi chochote. Majirani walimsifu kwa subira yake. Haikuwa subira hata kidogo, ilikuwa ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Akiulizwa ana nini, alijibu, "Si kitu." Baba yake naye alikuwa na jibu hilohilo.

Kazi moja aliirithi kwa baba. Kila Alhamisi jioni, Falih alikuwa akijaza dumu la manjano maji matamu, yale yanayonunuliwa kwenye gari la maji na kutunzwa jikoni kwa chai na kupikia. Alilipandisha darini, juu ya paa bapa la nyumba, akauosha mtambo wa nje wa kiyoyozi taratibu, huku akiusemesha. "Kunywa, mzee, kunywa. Wewe ukifa na sisi tumekwisha." Maji ya bomba hakuyagusa, kwa sababu wakati wa kiangazi maji hayo yana chumvi hadi sabuni inakataa kutoa povu.

Dumu lilikuwa bado pale jikoni, mpini wake umezungushiwa utepe mweusi aliouzungusha yeye mwenyewe. Tabarak hakutaka kuushika ule mpini. Kule darini kulikuwa na mpira wa maji uliounganishwa na bomba, umejilaza tu. Akaufungulia na kuumwagia mtambo. Hakuna kilichoharibika, basi Alhamisi iliyofuata akafanya vilevile. Joto lilipozidi akawa anaumwagia kila alasiri, ili upoe. Hakuna aliyemuuliza.

Siku moja, adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha tu wakati kiyoyozi kilipokohoa na kuanza kupuliza hewa ya moto. Umeme ulikuwepo. Mama alikizima, akakiwasha tena, akasimama chini yake mkono juu.

"Kinapumua kama tanuri," alisema. "Tabarak, mpigie Fundi Chasib. Ongea naye wewe."

Mama alikuwa edani kwa kufiwa na mumewe. Hakutoka nje wala hakuongea na wanaume wasio maharimu wake, hata kwa simu, na katika mtaa ule jambo hilo lilichukuliwa kwa uzito. Kwa hiyo maneno yote ya nyumba ile, ya muuza gesi, ya muuza maji na sasa ya fundi, yalipita kinywani mwa Tabarak.

Fundi Chasib alipokea huku akihema. "Ndiyo, binti Falih! Usiniambie na nyinyi mmeungua. Leo mji mzima unanililia."

"Kinapuliza moto, ami. Na bibi yangu anaumwa."

"Haya, nisikilize vizuri, nina nyumba nyingi mbele yenu. Ikiwa mtambo umeshikwa na chumvi, dawa ya kuusafisha ninayo, nikitoka hapa nakuja kwenu moja kwa moja. Ikiwa ni gesi, mtungi wangu uko Zubair kwa mwenzangu, mpaka jioni. Mnauosha kwa maji gani?"

Mama alikuwa anamtazama. Bibi Wabriya, mgongo ukutani, alikuwa anamtazama pia. Dumu la manjano lilionekana kupitia mlango wa jiko.

"Maji matamu, ami," Tabarak alisema. "Kama alivyokuwa akifanya baba."

"Mungu amrehemu, huyo alikuwa mtu na kazi yake. Basi ni gesi. Vumilieni mpaka jioni."

Alikata simu. Tabarak alingoja moyo umwende mbio kwa uongo ule, lakini haukwenda.

Chumba kilijaa joto upesi. Mama alitaka Bibi apelekwe kwa Um Sattar, jirani wa nyumba ya pili, muuguzi mstaafu. Bibi alikataa katakata.

"Nimwache mke wa mwanangu peke yake na eda yake? Watu watasema Wabriya amefuata ubaridi! Nipeni maji, mniache."

Alikunywa, akatapika. Baadaye kidogo akaacha kulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Mama, kwa kuwa Bibi Wabriya hulalamika hata akiwa usingizini. Uso wake ulikuwa mwekundu. Mama alimgusa shingo.

"Hatoki jasho tena," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi alifumbua macho, akamtazama Tabarak. "Falih," alisema, "umerudi? Funga dirisha, mwanangu, vumbi linaingia."

Tabarak alilifunga dirisha, ingawa lilikuwa limefungwa. Mikono yake ilikuwa kama ya mtu mwingine.

"Kimbia kwa Um Sattar!" Mama alipiga kelele. "Aje na barafu! Kimbia!"

Alikimbia. Uchochoro ulikuwa mtupu, jua limesimama katikati ya kichwa. Um Sattar alimsikiliza nusu tu, akaenda kufungua friza. Juu ya dari yake kulikuwa na mngurumo wa mashine, na kando ya ukuta limeegeshwa gari kuukuu la fundi ambalo mtaa mzima ulilijua. Fundi Chasib alikuwa palepale, hatua chache tu kutoka kwa Bibi, naye angetoka hapo aende nyumba nyingine, kwa sababu ya uongo wa Tabarak.

"Ami Chasib!"

Kichwa kilichofungwa kitambaa chenye maji kilichungulia kutoka juu. "Nimeshasema jioni, binti! Gesi haipo!"

"Si gesi!"

"Nini? Sisikii, mashine inapiga kelele!"

"Si gesi! Nimeosha kwa maji ya bomba!"

"Sema kwa nguvu!"

Mlango wa ng'ambo ukafunguka, kichwa kikatokeza. Kingine nacho kikatokeza dirishani. Tabarak alivuta hewa iliyomchoma kifuani.

"Nilikudanganya! Nimeosha kwa maji ya bomba kiangazi chote! Kwa mpira! Bibi ananiita kwa jina la baba!"

Mashine ikazimwa.

"Wewe mtoto," Fundi Chasib alisema, akianza kushuka ngazi na mkoba wake, "ungenikuta nimeshafika ng'ambo ya mto, ungempigia kelele nani? Twende."

Um Sattar aliweka barafu shingoni na makwapani mwa Bibi, akamwagiza Mama aloweshe shuka na ampepee. "Hospitali nimeshapiga simu," alisema. "Gari likifika kabla hajarudiwa na akili zake, anakwenda, na wewe unakwenda naye. Eda haikukataza kuokoa roho."

Darini, nyuma ya mtambo, mabati membamba yalikuwa yameziba kwa ganda jeupe, gumu kama chokaa. Fundi Chasib alipiga mluzi.

"Na samaki ningeweza kumkausha kwa chumvi hii. Lete maji matamu, mengi."

Tabarak alishuka jikoni. Aliushika mpini wenye utepe mweusi, akajaza dumu na kulipandisha, huku likimgonga magoti. Alirudia safari hiyo mara nyingi. Fundi alipuliza dawa, akasugua kwa brashi laini, naye Tabarak akamimina taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama alivyokuwa akimwona baba akifanya. Ganda lilianza kumomonyoka na kuteremka kama uji. Fundi alipowasha, mtambo ulitetemeka, ukasita, kisha ukashika mwendo wake.

Gari la hospitali lilipofika, Bibi Wabriya alikuwa amekaa, akimgombeza Um Sattar kwa kumlowesha nguo yake nzuri. Tabibu alimpima, akamwekea dripu palepale na kusema barafu ndiyo iliyomwahi. Mama alimtazama Tabarak. Habari ya uchochoro ilikuwa imeshaingia ndani kabla yao. Hakumpiga wala hakumkaripia, akaketi tu na mikono mapajani.

Bibi ndiye aliyemwita. "Njoo hapa, mjukuu wangu. Kwa nini hukusema?"

"Sijui. Sikutaka kulishika dumu lake. Halafu nikaona aibu."

Ubaridi ulikuwa unashuka polepole kutoka juu ya ukuta.

"Baba yako alikuwa akijishika hapa," Bibi alisema, akigusa kifua chake. "Mimi namwona. Namuuliza, Falih, una nini? Ananiambia, si kitu, mama. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Mimi wimbo huo nimeuimba tangu utoto, na mwanangu akanifia nikiwa nakula naye sufuria moja. Fundi hawezi kutengeneza asichoambiwa, na daktari hawezi, na mimi bibi yako siwezi. Ukikosea, sema. Ukiumia, sema. Sema mapema, hata kama mtaa mzima unasikia. Sitaki kuzika tena mtu wa 'si kitu' katika nyumba hii."

Tabarak alitikisa kichwa kukubali. Um Sattar, aliyekuwa akikusanya vitambaa sakafuni, akasimama ghafla.

"Mtoto, miguu yako!"

Wote wakatazama. Alikuwa ametoka bila viatu. Nyayo zake zilikuwa zimebabuka kwa ardhi ya mchana na sakafu ya darini, malengelenge yamevimba mpaka kwenye visigino.

"Inauma?" Mama aliuliza, akipiga magoti mbele yake.

"Si..." Tabarak alianza. Akamtazama Bibi.

"Inauma, Mama," alisema, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu walipomzika baba. "Inauma sana."