Pete Iliyopimwa Kwenye Kidole Changu

"Hebu nipe kidole," mume wangu alisema.

Nikampa na unga wake. Tulikuwa jikoni kwetu Chiayi, kisiwani Taiwan, tunakanda mikate ya mvuke ya kuuza sokoni, na yeye alikuwa ametoka kwa sonara. Akanivisha pete ya dhahabu, ikaingia vizuri kabisa. Jamani, miaka yote ya ndoa mtu hajawahi kuninunulia hata hereni! Nikatabasamu kama mwali.

Akaivua. Akaifunga kwenye leso pamoja na zile alizowanunulia dada zake wa Shandong, kwao bara.

"Baba Pei-ling, hiyo ya nani?"

"Ya mtu wa nyumbani."

"Nyumbani ni hapa. Mtu gani?"

Akainamisha kichwa. "Fenglian. Mke wangu."

"Mke wako? Na mimi ni nani, mpishi?"

"Tulikuwa ndio kwanza tumeoana, A-Ho, vita vikanichukua. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Tulipovuka bahari na jeshi walituambia ni kwa muda tu, mwakani tunarudi."

Hiyo mwakani yao naijua. Aliponioa alikataa kununua kitanda, tukalala kwenye mbao za kuazima, eti kitanda cha nini na mwakani tunarudi? Maaskari wenzake wote walikuwa hivyohivyo. Mwakani ikazaa mwakani, mpaka Pei-ling wetu akamaliza chuo na wazee wenyewe wakaota mvi. Sasa serikali ilikuwa imeruhusu wakawaone ndugu zao, na mume wangu alikuwa anafunga mizigo.

Baba yangu alinionya. "Kiazi hakiolewi na gimbi," alisema. Sisi wenyeji wa kisiwa tunajiita viazi vitamu. Wale waliokuja na jeshi lililoshindwa vita bara tunawaita magimbi. Sikumsikia, nilishapenda.

Ghafla nikakumbuka bakuli.

Kila mkesha wa mwaka mpya mume wangu huweka bakuli la ziada mezani, na vijiti vya kulia kando yake. Nilijua ni la mama yake. Kisha habari zikatufikia kwamba mama alishafariki zamani. Akachoma ubani, akalia. Lakini mwaka mpya ulipofika, bakuli likarudi palepale, na vijiti vimelazwa. Kwetu vijiti vya marehemu husimamishwa katikati ya wali. Vya kulazwa ni vya mtu aliye hai, ila yuko mbali. Nilidhani ni uzee umeanza.

"Lile bakuli ni lake?"

"Ndiyo."

"Kumbe miaka yote nampikia mke mwenzangu!"

Akakaza fundo la leso.

"Utarudi?"

"Sijui, A-Ho."

Bora angenidanganya.

Aliondoka amevaa sweta tatu, moja juu ya nyingine, za kwenda kugawa. Pei-ling akanivuta mkono. "Mama, mkataze!"

"Nimkataze nini, mwanangu? Asione kaburi la mama yake?"

Miezi ikapita kimya. Niliuza mikate peke yangu. Wateja wakiniuliza mzee yuko wapi, nasema kaenda kwao, halafu nakosea kuhesabu chenji. Siku chache kabla ya mwaka mpya simu ikalia.

"Halo? Mama Pei-ling?"

"Uko wapi?"

"Hong Kong, njia panda."

"Unakuja au unasalimia tu?"

"Niwekee mkate," akasema.

Nikakata simu, nikalia mpaka nikaunguza sufuria.

Alirudi hana sweta hata moja. Mchana wa mkesha nilikuwa natenga meza, yeye akafungua leso. Dada zake walishachukua zao. Pete ilibaki ileile.

"Hakuitaka?"

"Haikupita kwenye kifundo. Vidole vimevimba, A-Ho. Kwa kuwa mimi mumewe nilikuwa upande wa adui, washindi wa vita walimtembeza kijijini na ubao wa aibu shingoni, wakampa kazi ya kuvunja mawe. Mimi nilikuwa nakumbuka mkono wa msichana."

"Na hakuolewa tena?"

"Hakuolewa. Walizika nguo zangu, wakiamini nimekufa. Siku ya kwanza kanipakulia wali, akasimamisha vijiti. Mazoea! Alipoona alichofanya akaving'oa upesi, akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi."

Alifuta uso kwa kiganja.

"Akaniuliza, 'Pete hii ulipima kidole cha nani?' Nikamwambia. Akasema, 'Basi rudi kwa mwenye kidole.'"

"Alilia?"

"Nililia mimi."

Swali lilinichoma ulimi, nikalitema. "Na kama angesema baki?"

Aliangalia meza. "Usiniulize hilo, mama Pei-ling. Nakuomba."

Basi nikajua. Iliniuma, sitaficha, iliniuma kama kidonda kilichotiwa ndimu. Nilitaka nimchukie yule mwanamke, nikashindwa. Nilitaka nimchukie mume wangu, nikamwona amekaa pale amekonda, shati linamwelea. Ningemchukia nani, bahari?

"Unajua watoto wa kijijini waliniitaje?" akasema. "'Mtaiwani! Mtaiwani amekuja!' Wananifuata na kunicheka lafudhi. Hapa sokoni mnaniita gimbi. Sasa mimi ni wa wapi, A-Ho?"

Pei-ling, aliyekuwa anafuta vijiti, mdomo wake haujui kupumzika, akajaribu kutuchekesha. "Mimi je, baba? Nusu gimbi, nusu kiazi. Nichemsheni tu, mnile!"

Baba yake alimpapasa nywele, akanisogezea pete.

"Ichukue. Ni ya kidole chako."

"Siivai. Haikununuliwa kwa ajili yangu."

"Niifanye nini basi? Kwake haiingii, na wewe huitaki."

Nikainuka. Nikaweka bakuli lake, la Pei-ling na langu. Kisha nikarudi kabatini nikachukua la nne. Kazi hiyo ilikuwa yake siku zote, sikuwahi kuigusa.

Nikapakua wali. Nikavilaza vijiti ubavuni, taratibu, na pete nikaiweka kando yake.

"Unamwekea nani?" aliuliza.

"Mke mwenzangu," nikamwambia. "Si yu hai? Kula, wali unapoa."